Kingatiba: Kinga Gani, Tiba ya Nani?

Msikilizaji, kila msimu wake ukifika, katika mikoa mingi ya Tanzania hupita tangazo ambalo masikio yetu yamelizoea. Wazazi wanaombwa wahakikishe watoto wamekula kabla ya kwenda shule siku fulani, kwa kuwa kutakuwa na zoezi la umezaji wa dawa za kingatiba ya minyoo ya tumbo na kichocho. Tangazo hupita, zoezi hufanyika, na neno kingatiba hubaki bila maelezo. Limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anayajua, kinga na tiba, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeona haja ya kulifafanua. Mimi naiona haja hiyo. Hoja yangu ni kwamba neno hili, jinsi linavyofika masikioni, linaahidi kitu ambacho kidonge hakiwezi kukitoa, na ahadi hiyo inaidhoofisha kazi ya maana ambayo kidonge hichohicho kinaifanya. Sisemi lifutwe. Nasema lielezwe kwamba tiba ni ya minyoo iliyomo mwilini leo, na kinga ni dhidi ya maradhi yanayoletwa na wingi wa minyoo. Dhidi ya mnyoo wenyewe, yule atakayeingia wiki ijayo, kidonge hakina kinga yoyote.

Kabla wataalamu wa afya hawajatuletea neno hili, Kiswahili kilikuwa na msamiati wake wa minyoo, na haukuwa haba. Tegu ni tegu, yule mrefu bapa anayetoka katika nyama isiyoiva vizuri. Kichocho ni ugonjwa wa minyoo inayoishi katika mishipa ya damu, na mkojo wenye damu ndio uliowatambulisha wagonjwa wake. Safura ni kazi ya minyoo wanaonyonya damu kwenye utumbo, na jina lenyewe lina shina la Kiarabu lenye maana ya umanjano, kwa kuwa mgonjwa hupauka viganja na midomo. Kisha kuna mchango, au chango, neno lenye mambo mengi. Huko pwani mtoto anayelia kwa maumivu ya tumbo husemwa ana mchango, na hapo mara nyingi huwa kweli ni minyoo mviringo. Lakini mwanamke mwenye maumivu makali ya hedhi naye huambiwa ana chango, na anayechelewa kupata mimba huambiwa ana chango la uzazi. Kwa hiyo mtu aliyekunywa dawa ya chango kwa mganga anaweza kuamini kwa dhati kwamba suala la minyoo ameshalimaliza, ilhali hakuna mnyoo hata mmoja aliyeguswa. Majina haya ya kale yalifuata dalili: damu, weupe, maumivu. Kingatiba ni neno la aina nyingine kabisa. Limetoka ofisini, nalo halifuati dalili yoyote, kwa sababu linahusu mpango wa kuwapa dawa watu wengi kwa pamoja, wenye dalili na wasio nazo.

Kwa vitenzi, watu wengi husema kutoa minyoo, au kumeza dawa ya minyoo. Wafugaji husema kunywesha, kwa maana dawa ya mifugo mara nyingi ni ya maji na mnyama hufunguliwa mdomo akamiminiwa. Kitenzi kutoa kina uzito wake. Ukitoa mwiba, mwiba umetoka na habari yake imekwisha. Mzazi anayesema watoto wake wameshatolewa minyoo anazungumza kuhusu jambo lililokamilika. Sasa juu ya kitenzi hicho kinachohitimisha, tumeweka nomino inayoanza na kinga. Tangu miaka ya chanjo za surua na pepopunda, kinga katika fikra za mzazi wa Afrika Mashariki ni kitu kinachoingia mwilini na kubaki kikilinda mlango. Ukiyaweka pamoja, mwili umesafishwa na mlango umefungwa. Yote mawili si kweli.

Tuangalie kidonge chenyewe. Shuleni hutolewa albendazole ya miligramu 400 au mebendazole ya miligramu 500, dozi moja tu, na mwenye umri kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa nusu ya ile albendazole. Dawa hizi hushika protini moja ndani ya seli za mnyoo, na mnyoo hushindwa kufyonza sukari anayoitegemea kwa nguvu. Hafi papo hapo. Hudhoofika, hufa, na kwa siku chache hutoka na choo au huyeyushwa humohumo tumboni, jambo linalowafanya wengine waseme dawa haikufanya kazi kwa kuwa hawakuona kitu. Baada ya hapo dawa yenyewe huisha mwilini. Haiufundishi mwili kupambana, na haiachi mlinzi nyuma. Mtoto akila embe lililookotwa chini siku kumi baadaye, mayai yaliyogandia kwenye ganda lile yatafika utumboni bila kukutana na kizuizi.

Na mayai ni mengi kupita tunavyodhani. Mnyoo mviringo jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku moja. Yakitoka na kinyesi huhitaji wiki kadhaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli ili yawe tayari kuambukiza, na yakishakuwa tayari yanaweza kungoja kwa miaka. Mnyoo wa safura hupita njia nyingine: viluwiluwi vyake hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni na kumezwa, ndipo hukaa utumboni. Kwa hali hiyo si ajabu kwamba watafiti waliojumlisha tafiti nyingi na kuchapisha matokeo mwaka 2012 walikuta kuwa, miezi 12 baada ya dawa, kiwango cha watu wenye minyoo mviringo kilikuwa kimerudi hadi asilimia 94 ya kilivyokuwa kabla ya dawa. Mnyoo mjeledi, aina nyingine ya minyoo ya tumbo, alirudi hadi asilimia 82, na safura hadi asilimia 57. Mwaka mmoja, msikilizaji. Tangazo la msimu unaofuata huwa halijasomwa bado.

Hata hilo neno kutoa lina walakini kabla maambukizi mapya hayajaja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 ulikusanya majaribio ya dozi moja na kuonyesha kwamba albendazole iliwaponya kabisa watu 88 kati ya 100 waliokuwa na minyoo mviringo, na 72 kati ya 100 waliokuwa na safura. Kwa mnyoo mjeledi iliponya 28 tu kati ya 100. Mebendazole ni nzuri sana kwa minyoo mviringo, lakini dozi yake moja kwa safura iliponya watu 15 katika kila 100. Pemba, ambako mjeledi amestawi kwa muda mrefu na ambako watoto wa shule wamekuwa wakipewa dawa tangu miaka ya 1990, wanasayansi wamelazimika kujaribu kuchanganya albendazole na ivermectin, kwa sababu kidonge kimoja hakikutosha. Basi mtoto wa Pemba aliyemeza mebendazole peke yake na akaambiwa ametolewa minyoo ameambiwa jambo lisilo sahihi, hata kama aliyemwambia alikuwa na nia njema.

Neno hili limetokeaje basi? Jibu linasaidia kulitendea haki. Tanzania inalitumia kwa magonjwa matano yasiyopewa kipaumbele: matende na mabusha, usubi, trakoma, kichocho na minyoo ya tumbo. Kwa matende, neno limekaa mahali pake. Minyoo wakubwa wa matende huishi kwa miaka, na dawa zinazotolewa haziwamalizi vizuri, lakini huondoa vitoto vyao kwenye damu. Mbu akimuuma mtu aliyemeza dawa hapati cha kubeba kumpelekea jirani. Mkimeza watu wengi wa kutosha, kila mwaka, kwa miaka mitano hivi, minyoo wakubwa huzeeka na kufa bila kuacha kizazi, na ugonjwa hukosa njia. Hiyo ni kinga halisi, ingawa anayekingwa ni jirani kuliko mmezaji. Minyoo ya tumbo haimtegemei mbu anayekufa baada ya wiki chache. Inautegemea udongo, na udongo haumezi dawa. Neno lililofaa kwa ugonjwa mmoja limehamishiwa kwenye mwingine kwa sababu zoezi ni moja, bajeti ni moja, na pengine gari linalobeba dawa ni moja.

Hapa mtu makini atauliza: kama minyoo inarudi na mingine haitoki, kwa nini tuhangaike? Si heri fedha zile zijenge vyoo? Swali ni zito, na jibu lake liko katika jambo moja la kibiolojia ambalo laiti lingejulikana kama tunavyojua kwamba mbu ndiye anayeleta malaria. Minyoo ya tumbo haizaani ndani ya mwili wa mtu ikaongezeka. Kimelea cha malaria kikiingia kimoja hujigawa kikawa maelfu. Mnyoo mviringo akiingia mmoja hubaki mmoja, maana mayai yake lazima yatoke nje, yakomae kwenye udongo, kisha yaingie tena kwa mdomo. Kwa hiyo hesabu ya minyoo uliyonayo ni hesabu ya mara ulizoambukizwa, na ugonjwa hufuata hesabu hiyo. Safura mmoja wa aina ya Ancylostoma hunyonya takriban sehemu ya tano ya mililita ya damu kwa siku. Wachache hawamwangushi mtu mzima anayekula vizuri. Mia moja, mwilini mwa msichana wa miaka 13 aliyeanza hedhi na anayekula ugali na mchicha, ni upungufu wa damu usio na shaka. Ukishusha mia hadi ishirini hujatoa minyoo, lakini umemrudishia msichana huyo damu yake. Dozi inayorudiwa kabla hesabu haijapanda tena inamweka chini ya kiwango cha kuugua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa mara moja kwa mwaka pale ambapo angalau watu 20 kati ya 100 wana minyoo hii, na mara mbili pale ambapo wamefika 50. Ratiba hiyo isingekuwa na maana kama kidonge kingekuwa kinga kwa maana ya chanjo. Inaeleweka mara moja ukijua kuwa tunapunguza.

Kiswahili, kwa bahati, kimekiwekea kitenzi kukinga maana mbili. Mtu hujikinga mvua asilowe, na mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo. Kidonge cha minyoo ni kinga ya aina ya pili: ni ndoo chini ya paa linalovuja. Haizuii paa kuvuja, lakini ukiimwaga kwa wakati nyumba haijai maji. Anayedhani ameziba paa hataikumbuka ndoo, na wala hatatafuta bati.

Lakini wapo wanaopinga si jina tu bali manufaa yenyewe, nao si watu wa kupuuzwa. Mapitio ya mara kwa mara ya shirika la Cochrane, linalochambua ushahidi wa tiba mbalimbali, yamehitimisha kwamba kuwapa dawa watoto wote wa eneo hakubadilishi kwa kiasi cha kuonekana wastani wa uzito wao, damu yao wala matokeo yao darasani. Upande wa pili kuna jaribio maarufu la Busia, magharibi mwa Kenya, lililoanza mwaka 1998 katika shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Edward Miguel na Michael Kremer, waliochapisha matokeo yake mwaka 2004, waliandika kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2015 watafiti wa London waliipitia upya hesabu ile na kukuta makosa, hasa katika sehemu iliyodai kwamba hata shule za jirani zisizopewa dawa zilifaidika, na mjadala mkali ukafuata. Kisha mwaka 2021 ikachapishwa taarifa ya watu wazima waliokuwa watoto katika jaribio lile: waliopewa dawa kwa miaka miwili au mitatu ya ziada walikuwa na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13 na matumizi yaliyozidi kwa asilimia 14.

Nani amesema kweli? Nionavyo, sehemu kubwa ya ugomvi huu ni ugomvi wa wastani. Minyoo haigawanywi sawa kwa watu. Katika kijiji kimoja wachache huwa na mingi na wengi huwa na michache au hawana. Ukichukua wastani wa watoto wote, faida ya yule mmoja aliyekuwa na minyoo mingi huzama ndani ya wenzake tisa ambao hawakuwa na la kupona. Faida haikutoweka, imefunikwa. Na Busia ya 1998, yenye ziwa, mafuriko na maambukizi mazito, haiwezi kuchukuliwa kuwa mfano wa kila mahali ambapo minyoo ni michache. Sikubali kwamba Cochrane wamethibitisha dawa haifai, na sikubali pia kwamba Busia imethibitisha kidonge kimoja ni njia ya kutoka kwenye umaskini. Kinachothibitika ni kidogo kuliko hayo na kinatosha: penye minyoo mingi, kupunguza hesabu kunawasaidia wale waliobeba mzigo, kwa gharama ndogo mno. Lile neno kubwa, lenye kinga na tiba ndani yake, halikubaliani na ukweli huu wa kiasi. Anayetarajia kinga atakata tamaa akiona minyoo tena, na atawasikiliza kwa urahisi wanaosema zoezi zima ni udanganyifu.

Pingamizi jingine hutoka kwa wazazi: mtoto wangu haumwi, kwa nini apewe dawa bila kupimwa? Kama tiba ni ya mgonjwa, mgonjwa yuko wapi? Mzazi huyo anatumia Kiswahili vizuri kabisa. Neno tiba linamruhusu kuuliza hivyo. Na njia ya kupima kwanza ipo, imewahi kufanyika. Korea Kusini, kuanzia mwaka 1969, ilipima choo cha wanafunzi mara mbili kwa mwaka na kuwatibu waliokutwa na minyoo, miaka nenda miaka rudi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1971 ulikuta mayai ya minyoo kwa zaidi ya watu 80 kati ya 100. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 minyoo mviringo ilikuwa karibu imesahaulika. Ila wakati huohuo nchi ile ilikuwa ikijenga mifereji ya majitaka na wakulima wakiacha kutumia kinyesi cha binadamu kama mbolea. Na iliweka jeshi la wapimaji na hadubini. Kwetu, gharama ya kupima choo cha mtoto mmoja inazidi sana gharama ya kidonge, na kipimo kimoja hukosa wengi wenye maambukizi madogo. Kwa kuwa dawa hizi zimekuwa salama kwa miongo kadhaa, kumpa asiye na minyoo kunamdhuru kidogo sana kuliko kumkosa aliye nayo. Hiyo ndiyo hoja, nayo ni ya hesabu ya jamii nzima. Mzazi ana haki ya kuisikia jinsi ilivyo, badala ya kuambiwa tu kwamba ni kingatiba kana kwamba jina limejibu swali.

Asiposikia, pengo hujazwa na uvumi. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, wakati wa ugawaji wa dawa shuleni, baadhi ya watoto walijisikia vibaya baada ya kumeza. Praziquantel, dawa ya kichocho, huleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu, na huzidi kwa mwenye tumbo tupu au mwenye minyoo mingi inayokufa kwa mkupuo. Ulizuka uvumi kwamba kuna watoto waliokufa, wazazi wakavamia shule, walimu wakakimbia, na zoezi likasimama. Msukosuko wa namna ile una sababu nyingi, na sitadai kwamba neno moja liliuleta. Ila tujiulize mzazi aliyeambiwa mtoto anapewa kinga ataelewaje mtoto akianza kutapika. Kinga humpata mtu mzima wa afya na kumwacha mzima. Tiba, kila mtu anajua, inaweza kuumiza kabla ya kuponya. Laiti mzazi angeambiwa mapema kwamba hii ni tiba, kwamba inaua vitu vilivyo hai ndani ya mwili na maudhi yake madogo hupita kwa siku moja au mbili, kutapika kungekuwa na maelezo yake tayari.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tukiwaeleza watu kwamba minyoo itarudi, watasusa dawa. Hoja hiyo inawadharau wasikilizaji. Wafugaji wa mbuzi na kondoo wanajua fika kwamba minyoo hurudi. Hunywesha mifugo yao mvua zinapoanza na zinapokwisha, na sijasikia mfugaji aliyeacha kwa kuwa ameambiwa atanywesha tena. Tena wao wametangulia kuona tatizo ambalo kwa binadamu bado ni tishio. Dawa ya kwanza ya jamii ya albendazole na mebendazole, thiabendazole, ilianza kuuzwa mwaka 1961, na miaka michache tu baadaye mnyoo wa kondoo aitwaye Haemonchus alikuwa ameanza kuwa sugu kwake. Leo usugu huo umeenea katika nchi nyingi za wafugaji, Kenya ikiwemo. Chanzo ni kunywesha kundi zima mara kwa mara kwa dawa ileile, na wakati mwingine kwa kipimo pungufu kwa kubania chupa. Pemba kwenyewe, baada ya miaka ya kuwapa watoto mebendazole, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba nguvu yake dhidi ya safura ilikuwa imeshuka. Jamii inayoiona dawa kuwa kinga ya kudumu haina sababu ya kujali usugu. Jamii inayojua kwamba ni silaha inayochakaa itauliza imetumika vipi, na choo kitajengwa lini.

Limebaki swali la tiba ya nani. Zoezi hufanyika shuleni kwa sababu walimu wapo, watoto wamekusanyika, na minyoo mviringo na mjeledi hupendelea umri huo. Safura hapendelei. Huyu huwakaa watu wazima vilevile, hasa wanaolima peku, na mama anayepalilia shamba anaweza kuwa anamwambukiza upya, kupitia udongo wa nyuma ya nyumba, mtoto aliyemeza dawa juzi. Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, ilifanyiwa jaribio kubwa kati ya mwaka 2015 na 2017 lililopewa jina la TUMIKIA, ufupisho wa Tuangamize Minyoo Kenya, Imarisha Afya. Mahali ambapo dawa ilitolewa kwa wanafunzi peke yao, mara moja kwa mwaka, wenye safura walishuka kutoka 18.6 hadi 13.8 kwa kila watu 100. Mahali ambapo dawa ilipelekwa nyumba kwa nyumba kwa rika zote mara moja kwa mwaka, walishuka kutoka 17.9 hadi 8.0. Ilipopelekwa mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka 20.6 hadi 6.2. Matokeo mazuri, na somo lake liko wazi: nani anameza ni muhimu kama vile nini kinamezwa. Jina la jaribio lilisema tuangamize, na hata katika kundi lililofanya vizuri kuliko yote, baada ya miaka miwili, watu sita katika kila mia walikuwa bado na safura. Kupunguza kwa kiasi kile ni ushindi. Kuangamiza bado.

Sasa atakuja wa mwisho aseme kwamba haya ni mabishano ya wenye kamusi. Lugha ni ya watu, neno limeshaenea, na watu wakisikia kingatiba wanajua ni dawa za minyoo. Kuhusu kuenea nakubaliana naye, na ndiyo maana sipendekezi neno jipya. Ninachokipinga ni kwamba linajulikana. Mtu anaweza kujua neno linaelekeza kwenye kidonge kipi bila kujua kidonge kinafanya nini, na katika jambo hili ni kujua huko kwa pili kunakoamua kama atavaa viatu shambani, atafunika choo, atamnawisha mtoto mikono kabla ya kula, au ataona hayo yote yameshafanywa kwa niaba yake na kidonge. Neno linahitaji maelezo machache tu, na mahali pake ni ndani ya tangazo lenyewe. Liseme hivi: siku fulani watoto watapewa dawa ya kupunguza minyoo iliyomo tumboni sasa, dawa haizuii minyoo mipya, kwa hiyo itatolewa tena, mtoto ale kwanza, akisikia kichefuchefu apumzike, na kikizidi apelekwe zahanati, watu wazima wanaolima bila viatu na wajawazito waliovuka miezi mitatu waulize zahanati kuhusu dawa hiyo, choo na sabuni ndivyo vinavyozuia mayai yasirudi. Kulisoma lote hewani hakufiki dakika moja, na matangazo ya dakika nzima ya sabuni na simu tunayasikia kila siku.